Mchawi Hakuonekana, Watu Wakaogopa: Majibu kwa Barua za Watazamaji

Katika toleo lililopita tulizungumzia filamu mbili za Marekani zilizotengenezwa kwa fedha kidogo mno zikaja kuingiza mamilioni. Ya kwanza ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999, inayohusu vijana watatu wanaoingia msituni Maryland kurekodi habari za mchawi wa kale na wasirudi. Ya pili ni Paranormal Activity, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007 na kusambazwa kote mwaka 2009, inayohusu mvulana na msichana wanaotega kamera chumbani kwao ili wajue ni kitu gani kinachowasumbua usiku. Barua zilizofika mezani kwangu zimegawanyika vibaya: wapo waliosema hawajawahi kuogopa namna ile, na wapo waliosema tumewapotezea muda. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila kugusa hoja za wenyewe.

Ndugu Mhariri, baada ya kusoma makala yenu niliitafuta filamu ile ya mchawi wa msituni, nikaitazama na ndugu zangu wawili usiku wa Jumamosi tukiwa tumezima taa kama mlivyoshauri. Kwa muda wa saa moja na dakika ishirini tuliona watu watatu wakitembea, wakipotea, wakigombania ramani na kulia. Mchawi mwenyewe hatukumwona hata kivuli. Mwishoni kijana mmoja amesimama pembeni ameupa ukuta uso, kisha filamu ikakatika. Ndugu zangu wananicheka mpaka leo. Je, hao Wamarekani waliotishika waliona kitu gani ambacho sisi hatukukiona, au tumepigwa changa la macho? – Msomaji, Tanga

Hamkupigwa changa la macho, ndugu yangu, na wala sitakuambia kwamba hamkuelewa. Mlichokiona nyinyi ndicho hicho hicho walichokiona wao. Tofauti iko katika kile walichoingia nacho ukumbini.

Filamu hii ilipopelekwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, huko Marekani, mwezi Januari 1999, watengenezaji wake, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, walibandika matangazo ya watu waliopotea yenye picha za waigizaji watatu. Walikuwa na tovuti iliyojaa historia ya mchawi huyo, taarifa za polisi na picha za vitu vilivyookotwa msituni, vyote vikiwa vya kubuni. Hifadhi kubwa ya habari za filamu kwenye intaneti iliwaandika waigizaji wale kuwa wamepotea na wanadhaniwa kufa. Mwezi Julai kikaonyeshwa kipindi cha televisheni kilichotengenezwa kama uchunguzi wa kweli. Waigizaji, ambao hakuna aliyewajua na ambao katika filamu wanaitwa kwa majina yao halisi, walizuiwa wasijitokeze hadharani. Kwa hiyo mtu aliyekata tiketi mwezi huo wa Julai, filamu ilipofunguliwa katika kumbi chache tu, huenda aliketi akiamini kwamba anakwenda kutazama mikanda iliyoachwa na marehemu. Mtu anayetazama mkanda wa marehemu hatazami kama anayetazama mchezo. Kila jani linalotikisika analiuliza swali.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili bila ya kufundishwa na sinema. Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje ya nyumba zao, familia kwa familia, kwa hofu ya Popobawa, pepo wa usiku. Hakuna aliyeonyeshwa picha yake. Habari ilitangulia, usiku ukafuata, na kila mlango uliolia ukapata maelezo yake. Msituni Maryland waigizaji walifanyiwa jambo la namna hiyo hiyo, na baadaye watazamaji wakafanyiwa pia. Nyinyi mmeipokea filamu robo karne baadaye, mkijua kwamba ni filamu, mkiwa watatu sebuleni, na pengine simu zikiwa mkononi. Habari iliyotangulia haikuwafikia.

Lakini ndugu zako wana ndugu wengi huko Marekani kwenyewe. Ipo kampuni iitwayo CinemaScore ambayo huwauliza watazamaji maoni yao wanapotoka ukumbini siku za mwanzo za filamu, na filamu hii waliipa alama ya C+, ambayo ni alama ya watu waliotoka wamenuna. Filamu iliyokusanya karibu dola milioni 250 duniani ilipewa alama hiyo na watu wale wale waliolipa! Wengi waliingia wakiwa wameambiwa kwamba hakuna filamu ya kutisha kama hii, wakasubiri mchawi atokee, hakutokea, na wakatoka na hasira ya mtu aliyekaribishwa karamuni asipakuliwe. Hasira hiyo siidharau. Aliyeahidiwa mchawi ana haki ya kumuulizia.

Kuhusu mchawi kutoonekana, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Siku moja ya kurekodi, mmoja wa wafanyakazi wa filamu alivaa nguo nyeupe na soksi ndefu ya kike kichwani, akajificha vichakani ili waigizaji wanapokimbia usiku mmoja wao ageuze kamera na kumnasa. Waigizaji walikimbia kweli, Heather, msichana pekee kati yao, akapiga ukelele akiuliza ni kitu gani kile, lakini kamera haikumnasa yule mtu. Watengenezaji walipotazama mkanda waliamua kuuacha kama ulivyo. Itazame tena sehemu hiyo: unachokiona ni giza, matawi na pumzi za watu wanaokimbia, na sauti ya msichana aliyeona jambo ambalo wewe hukuliona. Kwangu mimi hapo ndipo penye kutisha kuliko pote.

Na yule kijana aliyeupa ukuta uso? Mwanzoni kabisa, vijana wanapowahoji wakazi wa mji, inatajwa habari ya mtu aliyeitwa Rustin Parr, ambaye aliwachukua watoto wawili wawili hadi kwenye chumba cha chini ya nyumba yake, akamwamuru mmoja asimame pembeni akiutazama ukuta wakati akimuua mwenzake, kwa sababu hakuweza kuvumilia kutazamwa. Maelezo hayo yaliongezwa baadaye, baada ya watazamaji wa mwanzo kutouelewa mwisho wa filamu. Ni sentensi chache tu, na aliyekwenda kuchota chai wakati huo ameikosa filamu nzima. Sasa rudi mwishoni: Heather anateremka ngazi akilia, anamkuta mwenzake Mike amesimama pembeni. Kama Mike ndiye anayeutazama ukuta, basi zamu ya kuuawa ni ya nani?

Sikushauri uwarudishie ndugu zako filamu hii. Itazame peke yako, ukiwa na visikizi masikioni, na usikilize usiku wa tatu na wa nne kuliko unavyotazama.

Mheshimiwa Mhariri, dada yangu alitapika dakika ya arubaini ya filamu hiyo hiyo. Yeye si mwoga, amezoea filamu za damu na visu. Bibi yetu anasema filamu imesomewa. Mnasemaje? – Msomaji, Mombasa

Mpe pole dada yako. Haikusomewa. Mwaka 1999 katika kumbi za Marekani watu walitoka wakishika kuta, na wapo waliotapika kama yeye, na hofu haikuhusika. Filamu imerekodiwa na waigizaji wenyewe wakiwa na kamera mikononi, wakitembea na kukimbia, kwa hiyo picha inayumba karibu muda wote. Macho yanauambia ubongo kwamba mwili unakwenda, na sehemu ya ndani ya sikio inayosimamia mizani ya mwili inasema kwamba mwili umekaa kitako. Ubongo unapopata habari mbili zinazopingana, tumbo huchafuka. Ni ugonjwa ule ule wa anayesafiri kwa dau kipindi cha kusi, ila hapa kilicho tuli ni mwili na kinachokwenda ni macho. Akitaka kuimaliza, akae mbali na kioo, awashe taa ya nyuma yake, na kila picha inapoanza kukimbia atazame pembe ya televisheni au ukuta. Kioo kikubwa na kiti cha mbele ndivyo vinavyomaliza watu.

Kaka Mhariri, nina mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitatu. Wiki mbili zilizopita alitazama Paranormal Activity kwenye simu ya binamu yake, chini ya shuka, na tangu siku hiyo halali. Anataka mlango wa chumba ufungwe, ukifungwa anataka ufunguliwe aone kama kuna mtu ukumbini. Juzi usiku aliweweseka akaniita akisema kuna kitu kimemkalia kifuani. Baba yake anamwambia aache uoga wa kike. Je, yale mambo yalitokea kweli? Nifanye nini? – Mama, Morogoro

Pole sana, dada, na mpe pole mtoto. Nianze na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo analolihitaji yeye: hapana, hayakutokea. Filamu hiyo ilitengenezwa na Oren Peli, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta, katika nyumba yake mwenyewe mjini San Diego, mwaka 2006, kwa siku saba na kwa dola zipatazo 15,000. Alihamia katika nyumba hiyo, akawa anasikia vishindo vya usiku kama vinavyosikika katika kila nyumba, ndipo wazo likamjia. Aliipaka nyumba rangi na kununua fanicha ili ionekane vizuri kwenye kamera. Vijana wawili tunaowaona ni waigizaji, Katie Featherston na Micah Sloat, nao wamehojiwa mara nyingi baada ya filamu kutoka. Mtafutie mahojiano yao amwone Micah akicheka na kueleza kazi yake. Kwa mtoto, uso wa mtu aliye hai una nguvu kuliko maneno yetu mia.

Baada ya hapo, fanya jambo moja ambalo nimewahi kulifanya na mpwa wangu. Chagua saa nne za asubuhi, madirisha yakiwa wazi, kaa naye sebuleni, na mwombe akuonyeshe sehemu iliyomtisha zaidi, lakini ondoa sauti kabisa. Mtaona kitanda, watu wawili wamelala, mlango ulio wazi kushoto na ukumbi wenye giza. Pembeni kuna saa inayohesabu. Saa hiyo inakwenda mbio, kisha ghafla inarudi kwenye mwendo wa kawaida, na hapo ndipo mlango unaposogea kidogo. Mwambie aitazame saa wala asiutazame mlango. Kisha rudieni sehemu hiyo hiyo na sauti ikiwa ya chini: atasikia mngurumo mzito unaoanza kabla ya kila tukio, kama jenereta iliyo nyumba ya tatu. Saa na mngurumo ndivyo vilivyomfundisha moyo wake uende mbio kabla hajaona chochote. Mpwa wangu alipozigundua alama hizo mbili alianza kunitangulia kusema, "Sasa, mjomba, sasa," na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayeogopa.

Filamu hii inafanya kazi kwa watazamaji wengi, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu inaingia pale ambapo sote hatuna ulinzi, yaani usingizini. Kamera imesimama tuli, hakuna anayeishika, na mtazamaji analazimika kuisaka picha nzima kwa macho yake mwenyewe akitafuta kilichobadilika. Akirudi chumbani kwake anakuta kitanda, mlango na ukumbi, yaani picha ile ile. Mtu asiyeishi karibu na msitu anaweza kumsahau mchawi wa Maryland, lakini hakuna anayeweza kukwepa kitanda chake.

Kuhusu kukaliwa kifuani, hilo wazee wetu waliliita jinamizi, na linawapata watu wengi ambao hawajawahi kuona filamu yoyote: akili inaamka kabla ya mwili, viungo havitii amri, pumzi inakuwa nzito, na hofu inakitafutia kitu hicho sura. Mtoto asiyelala vizuri kwa wiki mbili yuko katika hatari zaidi ya kupatwa nalo, na filamu imempa sura ya kulivika. Mweleze hivyo kwa maneno mepesi. Mwachie taa ndogo bila masharti, alale saa zile zile kila siku, na simu ilale chumbani kwako. Hali ikiendelea wiki nyingine mbili au tatu, mpeleke kwa mhudumu wa afya, kwani kukosa usingizi kwa muda mrefu ni jambo la kutibiwa.

Kwa baba yake, na namwambia haya kwa heshima kabisa: Marekani kwenyewe filamu hii iliwekwa katika daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi. Mtoto alifanya kosa la kutazama kwa siri, lakini kuogopa si kosa lake, kwani kazi ya kumtisha ilifanywa na watu wazima wanaoijua vizuri.

Shikamoo Mhariri. Sisi ni vijana wanne wa hapa Mwanza. Tulitengeneza filamu ya dakika ishirini na tano kwa simu, inahusu nyumba iliyoachwa kando ya ziwa. Tukamwomba mwenye kibanda umiza atuonyeshee baada ya mechi. Mwanzo watu walitulia, tukafurahi. Mzimu ulipotokea kibanda kizima kilicheka, mtu mmoja akauliza kwa sauti, "Hiyo shuka ya nani?" Wengine wakaondoka. Wenzangu wawili wamekata tamaa. Hao wenzetu walifanikiwaje na fedha kidogo? – Kijana, Mwanza

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sentensi iliyonivutia ni ile ambayo umeipita haraka: "Mwanzo watu walitulia." Watu waliotoka kutazama mechi, waliobanana kwenye mabenchi na joto lote lile, wametulia mbele ya filamu ya vijana wasiowajua. Mnajua ni wangapi wenye fedha nyingi ambao hawajawahi kukipata kimya hicho? Filamu yenu ilikuwa inafanya kazi mpaka shuka ilipoingia.

Kwa hiyo itoeni shuka. Mbakishe mwigizaji wenu anayeliona jambo hilo, uso wake, pumzi zake, na mkono wake unaotafuta komeo la mlango. Nimekwisha kumweleza msomaji wa Tanga habari ya yule mtu wa nguo nyeupe ambaye kamera haikumnasa. Kama angenaswa, pengine mtu mmoja huko Marekani naye angeuliza soksi ile ni ya nani.

Kicheko nacho kina aina zake, na ni kazi yenu kuzitofautisha. Kuna kicheko cha mtu aliyeshtuka akajishika, ambacho ni kifupi na hufuatwa na kimya, na mara nyingi aliyecheka humgeukia jirani yake. Hicho ni cha heri. Kuna kicheko kinachoendelea na kuzaa maneno, nacho kinamaanisha kwamba watu wametoka ndani ya filamu na kurudi kibandani. Hata kuondoka kuna maana zaidi ya moja. Paranormal Activity ilipokuwa kwenye majaribio, wakubwa wa kampuni waliona watu wanatoka ukumbini, wakadhani filamu haifai, kumbe wengi walitoka kwa sababu walishindwa kuvumilia hofu. Watu wa Paramount, kampuni iliyoisambaza, walikuja kulitumia jambo hilo katika tangazo la filamu: badala ya kuonyesha filamu, waliwaonyesha zaidi watazamaji wenyewe wakiwa gizani, wanaruka vitini na kufunika nyuso. Mara nyingine mkionyesha kazi yenu, mmoja wenu akae pembeni mbele, akiipa skrini kisogo, atazame nyuso tu na kuandika dakika ya kila badiliko.

Nikuambie pia jambo kuhusu kibanda. Filamu ya mchawi wa msituni niliiona mara ya kwanza kibandani, miaka mingi iliyopita, ikiwa na mtafsiri anayeweka maneno ya Kiswahili juu ya picha. Alikuwa fundi wa kazi yake, na katika filamu za mapigano hakuwa na mfano. Lakini filamu hii ina kimya kirefu, na yeye alilipwa kwa kusema. Vijana wanapolala hemani na usiku unapoanza kusikika, yeye alitueleza kwamba sasa steling anaota kwao. Sauti za watoto zilipotoka gizani alituambia hao ni fisi. Watu wakacheka, nami nikacheka, tukarudi nyumbani kwa amani. Miaka ikapita, nikaitazama peke yangu kwenye chumba cha kupanga ugenini, nikafika kwenye zile sauti za watoto, nikasimamisha filamu na kwenda kuhakikisha komeo la mlango. Filamu ni ile ile na mimi ni yule yule. Kilichoondolewa ni maneno. Mkipeleka filamu yenu kibandani, kaeni na mwenye kibanda mapema mkubaliane ni wapi asiguse sauti.

Umeuliza wenzenu walifanikiwaje. Wale wa filamu ya mchawi walirekodi kwa siku nane mwezi Oktoba 1997, hasa katika hifadhi ya Seneca Creek, Maryland. Waigizaji watatu walishika kamera wenyewe, moja ya video na nyingine ya filamu ya milimita 16. Hawakupewa mazungumzo ya kukariri. Walielekezwa kituo kwa kituo kwa kifaa cha kutambua mahali, na kila kituo waliachiwa vikaratasi vya siri, kila mmoja na chake, asijue mwenzake ameambiwa nini. Chakula kilipunguzwa siku hadi siku ili hasira ziwe za kweli. Usiku watengenezaji walilitikisa hema na kucheza sauti za watoto walizozirekodi. Zikapatikana karibu saa 20 za picha, wakakaa nazo miezi mingi, wakabakiza dakika 81. Hesabu hiyo ndiyo nitakayo muitazame. Nyinyi mlirekodi saa ngapi ili mpate zile dakika ishirini na tano? Kama mlirekodi saa moja na kubakiza karibu nusu yake, basi bado hamjaanza kuchagua. Fedha mnaweza kukosa, lakini muda wa kukata mnao.

Jambo la sauti mlitilie mkazo kuliko jambo la picha. Mtazamaji husamehe picha ya simu, hasa mkiwa na sababu ya simu hiyo kuwapo ndani ya hadithi, lakini sauti ya upepo uliopiga maikrofoni humtoa ndani ya filamu mara moja. Nendeni ziwani usiku mrekodi maji yanavyopiga mawe, bila kusema neno, nusu saa nzima. Na mnapowaigiza wenzenu wa Maryland msiwaigize katika njaa. Hata wao walikuwa na neno maalumu la kumtoa mwigizaji katika mchezo akizidiwa. Nyinyi mko karibu na maji na gizani, kwa hiyo neno lenu liwepo, na mwenye kulitamka asiulizwe sababu.

Assalaam alaykum Mhariri. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Muscat. Nimesoma makala yenu nikahuzunika. Mmesifu ujanja wa kuwatangazia watu kwamba waigizaji wamekufa ilhali wako hai. Kwetu mtu hutaniwa kwa mengi, lakini si kwa kifo. Je, haya si uongo wa kuuza tiketi? – Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Umenisahihisha, na nakushukuru. Katika makala ile niliandika kwa furaha ya mtu anayependa ufundi, nikasahau kuuliza ufundi ule ulimwangukia nani.

Ulimwangukia kwanza mama wa Heather Donahue. Watu walioamini kwamba binti yake amefia msituni walimtumia kadi za rambirambi. Hebu fikiria mama anayefungua bahasha na kusoma pole ya mtoto wake, kisha ainue simu ili aisikie sauti yake. Ukawaangukia watu wa Burkittsville, mji mdogo wa Maryland wenye wakazi wachache sana, ambao walivamiwa na wageni waliokuja kumtafuta mchawi asiyekuwapo na kuwaibia mpaka vibao vya jina la mji. Na ukamwangukia Heather mwenyewe kwa namna nyingine. Watazamaji waliokasirika hawakuwa na mchawi wa kumkasirikia, wala hawakuzijua sura za waongozaji. Walilokuwa nalo ni jina la msichana halisi aliyelia mbele ya kamera akiwaomba radhi wazazi wa wenzake, machozi na kamasi vikimtiririka. Alipewa tuzo ya dhihaka ya mwigizaji mbaya wa mwaka, kwa ajili ya uso ule ambao wengi wetu hatujausahau. Baadaye aliacha uigizaji, na leo anatumia jina jingine, Rei Hance. Mwaka 2024 yeye na wenzake wawili, Joshua Leonard na Michael Williams, waliandika barua ya wazi kwa kampuni ya Lionsgate, inayoimiliki filamu hiyo sasa, wakidai malipo ya haki kwa kazi yao, na kushauriwa pale majina na sura zao zinapotumika.

Kubuni mchawi sioni ubaya wake. Bibi zetu wamebuni mazimwi mengi na tukalala salama. Kumchukua mtu aliye hai, kwa jina alilopewa na wazazi wake, kumtangaza kuwa amekufa na kumficha ili uongo usijulikane, huko ni kuvuka mpaka, hata kama mwenyewe alikubali akiwa kijana asiyejua ukubwa wa jambo linalomjia. Paranormal Activity nayo inaanza kwa maandishi ya kuzishukuru familia za Katie na Micah pamoja na polisi wa San Diego, kana kwamba kuna msiba, lakini waigizaji wale walikuwa wakihojiwa waziwazi filamu iliposambazwa, na watu waliogopa vile vile. Hiyo inanionyesha kwamba hofu haikuhitaji kaburi la uongo.

Barua yako nimewatumia vijana wa Mwanza kabla ya kuichapisha hapa. Katika aya ambayo niliikata kwa kukosa nafasi, kijana yule aliniambia kwamba safari ijayo wanakusudia kubandika mjini picha za mwigizaji wao wa kike kama mtu aliyepotea. Mama wa binti huyo anauza dagaa sokoni, pale pale ambapo picha zingebandikwa.